"Muuguzi Hakosi Kazi" na Mengine Tunayoambiana Huku Magharibi mwa Kenya

Mwaka nilioanza kazi ya uuguzi Kisumu, mwanachama mmoja wa chama cha akina mama kule kwetu Luanda, Vihiga, alimwambia mama yangu, "Hongera, nasikia binti yako yuko Russia." Mama akaitikia kwamba ndiyo, yuko Russia, tena wiki hii yuko zamu ya usiku. Mwenzake akauliza kama baridi si kali. Iliwachukua muda kuelewana. Russia ya Kisumu ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960, na makanga akiita "Russia! Russia!" pale Kondele hakuna abiria anayepapasa mfukoni kutafuta pasipoti.

Kisa hicho bado tunakicheka nyumbani. Kuna maneno mengine juu ya kazi yetu ambayo hayachekeshi, kwa sababu watu huuza ng'ombe na kukodisha mashamba kwa kuyaamini. Nimeyasikia matangani, nimeyasikia kwenye michango ya karo, na mara nyingine kutoka kwa wauguzi wenzangu ambao wangepaswa kujua.

"Muuguzi hakosi kazi"

Mzazi akilala hospitalini na mgonjwa wake usiku mmoja, anaona mwenyewe. Wagonjwa wawili kitanda kimoja, sista mmoja anakimbia kutoka dripu hii hadi ile, na alfajiri anaandika ripoti akiwa amesimama. Mzazi anapiga hesabu: hapa panahitajika watu. Anarudi nyumbani, ng'ombe anauzwa, mtoto anaingia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya.

Hesabu yenyewe si mbaya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023. Lakini upungufu huonekana wodini, na ajira hutoka kwenye bajeti. Tangu ugatuzi wa 2013, hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti, na anayekuajiri ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na kaunti nyingi zimeshavuka mstari huo. Kwa hiyo sista akistaafu, kiti chake kinaweza kubaki kitupu, huku vijana watatu wenye leseni wakiishi mtaa wa pili kutoka hospitalini.

Binti wa kaka yangu ni mmoja wa vijana hao. Ana bahasha ya kaki ambayo imeshaanza kulegea pembeni. Ndani mna vyeti vya shule, leseni, na zile karatasi za uadilifu za Sura ya Sita ya katiba: cheti cha tabia njema, barua ya HELB (mikopo ya wanafunzi), ya KRA (kodi), ya EACC (ufisadi), ya shirika la kumbukumbu za mikopo. Tangazo la kaunti likitoka, anatoa nakala, anapanda matatu, anapeleka. Baada ya hapo ni lokamu, yaani zamu za kibarua. Kliniki moja ya Nyalenda humpigia simu saa kumi na moja jioni: "Sista, unaweza kuingia leo?" Anaingia. Kesho yake hajui kama atapigiwa tena. Nyumbani wanasema anafanya kazi, naye hajisumbui kuwasahihisha.

Na hata akipata barua ya kaunti au ya wizara, asome kama ni ya kudumu na pensheni au ni mkataba. Wahudumu walioajiriwa mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote walipewa mikataba ya miaka mitatu, na mwaka 2025 walikuwa bado wanakesha nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya, Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Wanaosema "serikali ni moja, italipa tu" wakumbuke mgomo wetu wa 2017. Ulianza Juni, ukaisha Novemba, na kwa miezi ile yote swali gumu zaidi lilikuwa ni nani hasa tukae naye mezani, Nairobi au kaunti 47.

Kuna na wanaosema kaunti haichukui mtu asiye wa kabila la pale. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zijazwe na watu wasio wa jamii iliyo nyingi katika kaunti hiyo. Sheria kuwepo na sheria kufuatwa ni mambo mawili, sikatai. Lakini Mluhya anayeacha kutuma maombi Nakuru au Kisumu kwa sababu ya jina lake anawafanyia wengine kazi ya kumkataa.

"Umeshahitimu, wewe ni muuguzi"

Chuo kinakupa cheti. Leseni inatolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya, chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura 257. Baraza lina mtihani wake, na ukianguka unarudia, hata kama chuoni uliongoza darasa. Wenye digrii wana mwaka mmoja wa mafunzo kazini pia, na kungoja kupangiwa kituo ni subira ya peke yake. Leseni ukishaipata huihuishi kwa kulipa tu. Baraza linataka uonyeshe umeendelea kujifunza.

Ninalomwambia kila mzazi ni hili: kabla ya kulipa hata karo ya muhula mmoja, uliza kama chuo kimeidhinishwa na baraza kufundisha uuguzi, na kama mtoto atapewa mapema namba ya indeksi, ile ya kumsajili kwa baraza kama mwanafunzi. Bango la barabarani lenye picha ya msichana aliyevaa kofia nyeupe si idhini. Na sajili ya baraza iko mtandaoni. Jina la muuguzi yeyote mwenye leseni unaweza kulitafuta kwa simu ukiwa kwenye foleni.

"Afrika Mashariki ni moja, cheti cha Uganda ni kile kile"

Hapa nina shemeji. Alama zake za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hazikumpa nafasi aliyoitaka huku, karo ya ng'ambo ya Busia ilikuwa nafuu, naye akavuka. Akasoma kwa bidii, akahitimu diploma ya uuguzi, akarudi na picha ya mahafali ambayo mpaka leo iko sebuleni kwa mama mkwe. Kila mtu alimwambia mambo yamekwisha, kwa sababu si tuko soko moja?

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, ni kweli. Inamruhusu mtu kuvuka na kutafuta kazi. Haimpi leseni, leseni imebaki kwa baraza la kila nchi. Baraza la Kenya lilitaka uthibitisho utoke kwa baraza la Uganda moja kwa moja, si karatasi aliyoibeba yeye mkononi. Likataka nakala ya matokeo inayoonyesha saa alizokaa darasani na wodini kwa kila somo. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Diploma ya Kenya, ile inayomfanya mtu aitwe KRCHN (muuguzi wa jamii aliyesajiliwa), inafunga vitu vinne katika kifurushi kimoja: uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii. Uganda wana diploma ya uuguzi na diploma ya ukunga, kila moja njia yake. Shemeji alikuwa muuguzi safi, lakini saa zake za leba wodi hazikutosha hata kidogo kwa Kenya. Hakufeli kitu. Alisomea jambo lenye jina moja na umbo tofauti. Ilibidi atafute hospitali ya kumpokea afanye ukunga chini ya usimamizi, ndipo akalie mtihani. Mwanamume wa miaka ishirini na saba, diploma mkononi, akiwa amesimama nyuma ya mwanafunzi wa mwaka wa pili wakisubiri mtoto atoke. Aliniambia kilichomuuma ni pale mama mjamzito alipomuuliza, "Na wewe ni nani?" akakosa jibu fupi.

Waingereza nao hutufanyia vivyo hivyo. Sajili yao hugawa wauguzi: wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili, wa wenye ulemavu wa kujifunza. Ukunga una sehemu yake kabisa. Namjua sista aliyezalisha kwa miaka kumi, mikono ya kuaminika, ambaye kule amesajiliwa kama muuguzi wa watu wazima. Hagusi mtoto mchanga.

"Wauguzi wetu wanaangushwa na Kiingereza"

Hili lilipata nguvu mwanzoni mwa 2022, waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, aliposema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza kwa ajili ya Uingereza, 10 tu walipita. Nchi nzima ikacheka. Watu waliosoma biolojia, famakolojia na kila ripoti ya zamu kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, hawajui Kiingereza?

Tazama kinachopimwa. IELTS, mtihani wa Kiingereza cha jumla wenye alama za juu kabisa 9, kwa wauguzi wa Uingereza inadai 7 katika kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 katika kuandika. OET, ule wa Kiingereza cha watu wa afya, ambao wengi sasa wanaupendelea, unakupa maelezo ya mgonjwa, dakika 45, na amri ya kuandika barua ya maneno kati ya 180 na 200. Binti wa kaka yangu hufanya mazoezi jikoni kwangu Jumamosi, simu imeegemezwa kwenye kopo la majani chai ikihesabu dakika. Barua ya kwanza niliyomsahihishia ilikuwa ya mzee wa kisukari anayeruhusiwa kwenda nyumbani na kidonda mguuni. Sentensi zote zilikuwa sawa. Lakini alikuwa ameweka kila kitu: marehemu mke wa mzee, upasuaji wa mwaka wa nyuma, chakula anachopenda. Kidonda kilitokea mstari wa mwisho, muda ulipokwisha. Tumefundishwa kujaza faili lote, tusilaumiwe baadaye. Mtihani ule unataka ujue cha kuacha. Sasa anaanza na kidonda.

Tena Kiingereza ni mlango wa nje tu. Kuna mtihani wa kompyuta, hesabu za dawa na uuguzi, kisha OSCE, vituo kumi vya kuonyesha kwa mikono, unaofanyiwa kule kule. Ndiyo maana nashtuka nikisikia, "Nitaenda kwanza kulea wazee, leseni nitaipata hukohuko." Kulea wazee ni kazi ya heshima, lakini miaka mitano ya kuifanya haikusogezi hatua moja kwenye sajili, mitihani ni ile ile, na mikono inakuwa imesahau kuweka kanula, ule mrija wa dripu, mshipani. Isitoshe, tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga viza hiyo ya walezi kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Ya wauguzi wenye sifa ipo. Mawakala wengine bado wanauza ile iliyofungwa.

Ujerumani ilikuja na idadi. Septemba 2024 makubaliano ya wafanyakazi yalitiwa saini Berlin, na kabla wino haujakauka kila kijiji kilikuwa na habari ya nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayakutaja idadi yoyote. Muuguzi anahitaji Kijerumani cha kiwango cha B2, ambacho si cha miezi mitatu, na cheti chake kilinganishwe na chao. Mpaka atambuliwe kikamilifu, anafanya kazi kama msaidizi, kwa malipo ya msaidizi.

Kuhusu Marekani nitasema moja tu, kwa kuwa linawanyima watu usingizi. NCLEX, mtihani wao wa leseni ya uuguzi, ina maswali kati ya 85 na 150, na kompyuta ikizima kwenye 85 wengine hutoka wakilia na wengine wakipiga vigelegele. Wote wanakosea. Inazima inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au chini yake. Inaweza kuwa yoyote. Na ukipita, umepita mtihani. Foleni ya viza ni habari nyingine.

"Bila kumlipa wakala huendi"

Pesa za halali zipo na si chache: mitihani, barua ya baraza ya kuthibitisha usajili wako, vipimo, pasipoti. Hizo unalipa mwenyewe zinakohusika na unapewa risiti. Lakini kumlipa mtu ili akutafutie kazi ya Uingereza ni jambo ambalo sheria ya Uingereza inamkataza wakala kulidai. Na wakala anayefanya kazi Kenya anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Binti wa kaka yangu alishapoteza shilingi 60,000 kwa ofisi moja ya Nakuru yenye zulia jekundu na ramani ya dunia ukutani. Alipoitwa tena "kukamilisha faili" kwa 40,000 nyingine, alinipa simu. Nikamsalimu yule bwana vizuri, nikamwomba namba ya usajili wa ofisi yake na jina la hospitali inayoajiri.

"Wewe ni nani yake?"

"Shangazi yake. Muuguzi."

"Uko wapi?"

"Russia," nikasema.

Kukawa kimya. Halafu akaniuliza, sauti imeshuka kwa adabu, kama kule wanachukua watu.