Je, wajua kwa nini tajiri huamka saa tisa za usiku?

Hapa Unguja, mwenye hoteli Nungwi, mwenye maduka Darajani, mwagizaji wa mizigo anayesubiri kontena bandarini Malindi: ukiwapata wakiwa wamelegeza ulimi, malalamiko yao hufanana. Kulala wanalala. Baada ya Isha na chakula, usingizi unawachukua vizuri tu. Kisha saa nane au saa tisa macho yanafunguka, nyumba kimya, feni inazunguka, na akili imeshafika kwenye mishahara ya mwisho wa mwezi.

Kwa nini saa hizo? Kwanza, mwili wenyewe. Usingizi mzito huja zaidi nusu ya kwanza ya usiku. Nusu ya pili ni usingizi mwepesi wenye ndoto nyingi. Wakati huohuo tezi zilizo juu ya figo huanza kupandisha kotisoli, homoni inayouandaa mwili kwa siku mpya. Homoni hiyo huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, na hufika kileleni nusu saa hivi baada ya mtu kuamka. Asiye na wasiwasi haimgutushi. Aliyelala na deni kichwani tayari yuko juujuu, na kitu kidogo kinatosha kumtoa usingizini. Kahawa ya barazani nayo ina lake: kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo vikombe vya saa tatu usiku bado vinafanya kazi saa nane. (Anayejiamsha kusali tahajjud simhesabu hapa.)

Lakini mhasibu wa tajiri huyo anazijua hesabu zilezile, mbona yeye analala mpaka alfajiri?

Watafiti waliwafuatilia nyani madume 125 wa Amboseli, Kenya, kwa miaka tisa, wakipima homoni za msongo kwenye vinyesi vyao. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Dume mkuu wa kundi alikutwa na kiwango cha juu, akilingana na madume wanyonge wa chini. Aliyetulia ni namba mbili, ambaye hapigani sana wala hashindi akilinda majike. Mhasibu wetu ndiye huyo.

Binadamu si nyani, na upo ushahidi unaoonekana kupinga. Utafiti ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali zaidi ya 17,000 mjini London, wote wanaume, ulionyesha kwamba wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wakubwa wao. Kumbe cheo kinakinga? Kwa maoni yangu kinachokinga ni kuweza kuamua mambo yako yakaenda ulivyoamua. Mkubwa wa wizara ya Uingereza alikuwa na kanuni, kamati na pensheni. Tajiri wa Unguja ana cheo, lakini yanayoendesha biashara yake hayako mikononi mwake. Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja usirudi mpaka Machi 2010, na mwenye hoteli akawa anachoma dizeli ya jenereta kutwa kucha. Mwaka 2020 korona ilisimamisha ndege za watalii. Na hata mwaka ulio mzuri, masika ya Machi hadi Mei huwaondoa wageni. Pemba mikarafuu huzaa sana mwaka huu, mwaka mwingine ikapumzika, na maduka ya Wete yakaona tofauti.

Hayo yote yangebebeka kama angekuwa na wa kumwambia. Hapa ndipo visiwa vyetu vinapombana mfanyabiashara kuliko watu wa miji mikubwa. Biashara nyingi huenda kwa mali kauli: unachukua mzigo leo kwa neno lako, unalipa ukishauza. Dhamana ni jina. Siku akisema barazani kwamba mambo yamemwendea kombo, ikifika Magharibi habari iko Mwanakwerekwe, na asubuhi wanaomdai wako mlangoni kabla hajafungua. Kwa hiyo akiulizwa hali ya biashara, jibu ni moja: "Alhamdulillahi, twashukuru." Kanzu inapigwa pasi, mchango wa harusi unatolewa, futari ya Ramadhani inapikwa kwa masufuria yaleyale ya mwaka jana. Ofisini nako hana pa kusemea, kwani keshia ni mtoto wa dada yake na stoo anaishika shemeji. Mke naye anafichwa ili asihangaike, ingawa mara nyingi ameshajua kwa kuangalia sahani iliyorudi na chakula.

Bi mkubwa mwenye biashara yake ana mzigo wa ziada: akitetereka, wapo wa kusema walijua tangu mwanzo.

Akizidiwa, maelezo yaliyo karibu ni husda. Kisomo kinamtuliza mtu na sioni sababu ya kukibeza. Tatizo ni kuishia hapo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza uchovu wa kupindukia utokanao na kazi kuwa hali ya kikazi, si ugonjwa. Sonona ni jambo jingine: ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na kuamka mapema mno bila kuweza kurudi kulala ni moja ya dalili zake. Kukosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, madaktari huhesabu kuwa ni tatizo sugu linalohitaji tiba, na tiba inayopendekezwa kwanza ni mazungumzo na kubadili mazoea ya kulala, kabla ya vidonge.

Wengi hawafiki huko kwa kuogopa kuonekana kwenye geti la Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Basi aanzie kwa daktari yeyote anayemwamini, hata yule anayempima presha. Ila amtajie na saa anayoamka, maana mgonjwa akitaja presha tu, atapewa dawa ya presha tu.