Tarehe ya kliniki imepita? Mlete hivyo hivyo

"Sista, tarehe ilipita, nikaona nisirudi tu." Nimeisikia kauli hii visiwani karibu na Mbita, Ziwa Victoria, nimeisikia nyanda za Kano karibu na Kisumu, na siku hizi nikiisikia najua kinachofuata: mtoto wa mwaka mmoja mwenye penta moja tu kwenye kijitabu (penta ni sindano moja ya kukinga magonjwa matano, kifaduro kikiwemo), na mama anayeamini kwamba ile ya kwanza imeshaharibika, kwa hiyo ni kuanza upya au kuacha kabisa. Wengi huacha.

Hakuna kuanza upya. Penta, chanjo ya nimonia na matone ya polio huwekwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa sababu magonjwa yenyewe hayasubiri. Kifaduro, kwa mfano, huua zaidi watoto wachanga. Zile wiki nne za katikati ni kiwango cha chini, maana yake usichome kabla hazijaisha. Kikomo cha juu kati ya dozi na dozi hakuna. Mwili ukishakutana na chanjo hubaki na seli za kumbukumbu, na dozi inayofuata huziamsha, iwe imekuja baada ya mwezi au baada ya mwaka. Fundi aliyefikisha ukuta dirishani haubomoi kwa sababu saruji imechelewa. Kinachopotea ni ile miezi ambayo mtoto amekaa na kinga nusu, na ndiyo sababu nataka aje leo, si "tukishatulia."

Umri huhesabika kwa chache tu. Matone ya polio ya kuzaliwa hutolewa ndani ya wiki mbili za kwanza. Yakipita, tunaanzia ya wiki ya 6. Ya rota, ile ya kuzuia kuhara, haitolewi tena mtoto akishavuka miaka miwili. Nyingine zote, njoo tuhesabu pamoja.

Ofisini watoto hawa huitwa watoro, na ukisikiliza mikutano yetu utadhani wazazi wao wanapinga chanjo. Wachache wanapinga, kweli, wengine kwa sababu ya imani ya kanisa lao. Lakini wengi ninaokutana nao ufuoni walianza vizuri. Mama alijifungua hospitali, mtoto akapata BCG, chanjo ya kifua kikuu, kisha baba akahamia ufuo mwingine kufuata omena na familia ikahama naye. Wa Kano walifurikiwa na mto Nyando, kijitabu kikaenda na maji. Huyo si mpinzani wa chanjo. Ni mtu aliyehama, kisha akaogopa kurudi kwa sababu anajua atakavyopokelewa.

Na hapa wenzangu wa dawati la chanjo mnivumilie. Mama aliyevuka maji kwa nauli ya kukopa, tunampokea kwa "Mbona umechelewa hivi?" mbele ya benchi zima. Mwezi ujao haji, na jirani yake aliyesikia naye haji. Asiye na kijitabu tunamrudisha nyumbani akakitafute, ilhali rejista iko kabatini kwetu. Rejista isipomwonyesha, na hakuna karatasi yoyote ya kuthibitisha, mtoto huchanjwa kama ambaye hajapata; dozi iliyorudiwa haimdhuru. Kuna pia ile ya "njoo Alhamisi." Chupa ya chanjo ya ukambi na rubella ina dozi kumi, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa sita, basi muuguzi anangoja watoto wajae. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua chupa hata kwa mtoto mmoja. Fungua. Dozi tisa zilizomwagwa zinauma kwenye ripoti, lakini mtoto mwenye ukambi kwenye kambi ya wavuvi, nyumba zimebanana vile, ni mlipuko.

Kina mama, ombi langu ambalo walionizoea wamelichoka: piga picha ukurasa wa chanjo kwa simu kila mnapotoka kliniki, kisha mtumie mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu. Simu yako ikiingia ziwani, yake ipo.

"Amemaliza kliniki, ana miezi tisa." Hajamaliza. Kuna ya ukambi na rubella ya pili, ya miezi 18, na hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote kwa sababu mtoto anatembea, anakula ugali, anaonekana mkubwa. Dozi ya miezi tisa hukinga takriban watoto 85 kati ya 100. Hao 15 hutawatambua kwa macho, na ili ukambi usipate njia ya kuenea, watoto 95 kati ya 100 katika jamii wanahitaji dozi zote mbili.

"Alipata kwenye kampeni." Vizuri. Kampeni kama ile ya Julai 2025, ya ukambi na rubella pamoja na homa ya matumbo, ni nyongeza. Ratiba ya kijitabu inaendelea palepale.

"Ana chanjo ya malaria, neti ya nini?" Kaunti zetu za huku ndizo zilizoanza kuipata nchini Kenya, Septemba 2019, uzinduzi ukiwa Ndhiwa. Inapunguza malaria kali na vifo. Haizuii mbu kuuma, wala haizuii kila homa. Neti ibaki kitandani. Dozi zake ni nne, ya mwisho ikiwa miezi 24, nayo hupotea kama ile ya miezi 18.

"Sindano mbili siku moja zitamzidi." Hazimzidi. Atalia mara mbili, basi, na wewe umeokoa nauli ya safari nyingine.

"Ana mafua, nitamleta akipona." Mafua, kikohozi kidogo, kuhara kidogo, joto dogo la mwili, hakuna hata kimoja kinachozuia chanjo. Mtoto wa kandokando ya ziwa asiye na makamasi utamngoja mpaka aanze shule. Anayesubirishwa ni yule mgonjwa wa kulazwa. Huyo atibiwe kwanza, kisha achanjwe wodini kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.