Je, wajua namba inaweza kuthibitishwa kuwa si tasa kabla vigawo vyake havijajulikana?

Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wengi huamini kwamba ukisema namba fulani si tasa, sharti utaje namba mbili zinazozidishana kuizaa. Kwa 15 utasema 3 na 5, na mjadala umekwisha. Imani hiyo ina mantiki, tena ndivyo tunavyofundishwa darasani: gawanya, gawanya tena, mpaka kigawo kipatikane. Hata hivyo si sahihi.

Tazama 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliiorodhesha kuwa tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas alionyesha kwamba sivyo, bila kutoa kigawo hata kimoja. Vigawo vyake, 193,707,721 na 761,838,257,287, alivileta Frank Nelson Cole wa Marekani mwaka 1903. Kwa miaka 27, basi, ilijulikana kwamba namba hii inagawanyika, ila haikujulikana kwa ngapi.

Siri iko kwenye baki. Kipimo kinachotumika leo, ambacho mwanahisabati Derrick Lehmer alikiboresha kutokana na kazi ya Lucas, huanza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, kisha shika baki peke yake na urudie. Idadi ya marudio ni kipeo ukitoa 2. Kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 ukitoa 1, unarudia mara tatu: 4 inakuwa 14, 14 inakuwa 194, baki 8, 8 inakuwa 62, baki 0. Sifuri mwishoni maana yake namba ni tasa. Sasa pima 2,047, yenye kipeo cha 11. Baada ya marudio tisa baki ni 1,736. Si sifuri, kwa hiyo si tasa. Lakini ndani ya 1,736 huoni dalili yoyote ya 23 na 89, vigawo vyake halisi.

Ni kama kupima sanduku lililofungwa ambalo uzito wake likiwa tupu unaujua. Likizidi uzito huo, kuna kitu ndani, ingawa hujakiona. Namba tasa hulazimisha mabaki kufuata kanuni moja isiyoyumba. Kanuni ikivunjika, vigawo vipo.

Kipimo hiki ni cha namba za umbo hili tu, 2 kwa kipeo kilicho tasa na kisicho 2 ukitoa 1. Namba nyingine zina vipimo vyake. Na ugumu wa kutafuta vigawo, ambao baadhi ya mifumo ya kuficha siri kwenye intaneti huutegemea, bado haujathibitishwa kihisabati: huenda njia ya haraka ipo.

Kwa sasa pengo kati ya kujua kwamba namba si tasa na kupata vigawo vyake ni kubwa ajabu. Namba 2 kwa kipeo cha 1,277 ukitoa 1 ina tarakimu 385. Kwamba si tasa ni hakika kabisa, lakini hadi mwaka 2024, pamoja na kompyuta zote zilizoisaka, hakuna kigawo chake hata kimoja kilichokuwa kimepatikana.