Alizeti iliyochanua haizunguki na jua

Wengi wetu Tabora tumekua tukiamini kwamba alizeti hulifuata jua kutwa nzima, maisha yake yote. Imani hii haikuzuka hewani, maana mche mchanga kweli hufanya hivyo. Asubuhi kichwa huelekea mashariki, jioni magharibi, na usiku hurudi taratibu kusubiri mapambazuko. Kazi hiyo hufanywa na shina: mchana upande wake wa mashariki hurefuka zaidi, usiku ule wa magharibi.

Ua likishachanua na shina likaacha kurefuka, safari hiyo huisha. Vichwa vingi hubaki vimetazama mashariki, hata saa kumi na moja jioni jua likiwa kisogoni. Kuna faida: ua hupata joto mapema, na nyuki hulijia zaidi asubuhi. Kwa watu wa nchi ya asali kama sisi, hilo si dogo.

Kuhakikisha ni rahisi. Chagua mche wenye tumba na mwingine uliochanua kabisa, uchomeke kijiti upande wa mashariki wa kila mmoja. Tazama kila kichwa kimeelekea wapi saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Saa sita haisaidii sana, jua letu huwa karibu na utosi. Rudia kwa miche kadhaa, na uache ule ulio kando ya mwembe. Huo huinamia tu palipo na mwanga, na unaweza kukupotosha.