Majukwaa Yanayoelea: Ya Barazani na Ya Baharini

Ukifika Ngomeni, kaskazini ya Malindi, utayaona majukwaa ya San Marco baharini, ya kurushia roketi. Ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru, 12 Desemba 1970. Kila anayepeleka mgeni humwambia, "Yale yanaelea." Hayaelei. Yamesimama kwa miguu ya chuma iliyokita chini, kwa kuwa maji ya pale ni mafupi. Linaloelea huwekwa pale kilindi kinaposhinda miguu, kuchimba mafuta au kubeba mitambo ya upepo.

Barazani wengi hudhani kinachoelea lazima kiruke na kila wimbi. Dau ndivyo lilivyo, mwili wote uko juu juu. Lakini nguvu ya wimbi hukaa karibu na uso wa maji. Mpiga mbizi anajua, juu huyumbishwa, akishuka anakuta utulivu. Wimbi la kila sekunde 10, kwenye kilindi, lina kama mita 156 toka kilele hadi kilele. Ukishuka nusu ya hapo, mita 78, mwendo wa maji umebaki takriban asilimia 4. Basi jukwaa hutiwa farumi, uzito wa kulishusha, sehemu yake kubwa ikazama: nguzo za mitambo ya upepo ya Hywind, Scotland, iliyoanza kazi 2017, zimeingia majini karibu mita 80. Tena huundwa lipande na kushuka polepole kuliko mawimbi ya kawaida. Bembea ukiisukuma nje ya zamu yake, haiendi mbali.

La pili la barazani: ati la kuogopwa ni wimbi kubwa. Wimbi lililopiga jukwaa la Draupner, Norwe, 1 Januari 1995, lilifika mita 25.6, na jukwaa hilo, ambalo ni la miguu, likabaki limesimama. Mimi ningeogopa zaidi chuma kinachochoka. Jukwaa la Alexander Kielland, lililokuwa likielea, lilipinduka 27 Machi 1980 likaua watu 123. Chanzo kilikuwa ufa uliokua kidogo kidogo, wimbi kwa wimbi, hadi muungio ukakatika.

Na nanga? Barazani watakwambia, "Ikazwe sana isitikisike." Mwambie nahodha wa Lamu akaze amari, kamba ya nanga, iwe fupi siku ya bamvua, maji yakijaa sana, uone atakavyokucheka. Minyororo mingi huachwa na ulegevu wake, jukwaa liende na kurudi. Yapo yanayovutwa chini kwa nyaya zilizokazwa wima, lakini hata hayo huachiwa yateleze pembeni.

Mkondo ndio unaodharauliwa, kwa vile hauonekani. Mwendo wake ukizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Ukipita kwenye nguzo ya mviringo, maji huzunguka nyuma yake kwa zamu, kulia na kushoto, na nguzo ikaanza kuyumba. Ndiyo sababu baadhi ya nguzo huzungushiwa mapezi kama uzi wa parafujo. Jukwaa likiwekwa mbali nje ya Lamu, nanga zake zingepimwa kwa misimu miwili: kusi, maji yakikimbilia kaskazini, na kaskazi, mkondo wa Somalia ukigeuka na kushuka kusini kukutana na ule unaotoka kwetu.