Wawekezaji wa kampuni changa: tunachowaiga sicho

Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa hakosi mtu wa namna hii. Kila Desemba tunapogawana, anasimama na kusema hisa za benki na hatifungani, yaani kuikopesha Serikali au kampuni ikulipe riba, ni za wazee. Tungekuwa na akili tungefanya kama wale Wamarekani wa California, wanaotia hela kwenye kampuni ya vijana wawili na kompyuta, kisha wanaondoka na mabilioni. Mwaka jana nilimwomba anitajie kampuni tatu walizozitia hela zikafa. Hakuwa na hata moja. Tunawajua watu hawa kwa ushindi wao tu, ndiyo maana tunawaiga upande usiofaa.

Dhana: Wana jicho la kumjua mshindi mapema

Wanakosea kuliko wanavyopatia. Horsley Bridge, kampuni ya Marekani inayoweka fedha kwenye mifuko ya wawekezaji hawa, yaani vyungu vya hela za wengi wanavyovisimamia, ilipitia hesabu za uwekezaji zaidi ya 7,000 kati ya 1985 na 2014. Karibu nusu haukurudisha hata mtaji. Asilimia 6 hivi ndiyo iliyozaa asilimia 60 ya faida yote.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Georges Doriot, mmoja wa walioanzisha mfuko wa ARDC mjini Boston mwaka 1946, anahesabiwa kuwa baba wa kazi hii. Mwaka 1957 mfuko wake uliweka dola 70,000 kwenye kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 fungu hilo lilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 350. Kampuni hiyo moja ndiyo iliyoupa mfuko sifa. Nyingine nani anazikumbuka?

Na mshindi akipita mlangoni, wakati mwingine hawamwoni. Bessemer, kampuni kongwe ya kazi hii, imeweka kwenye tovuti yake orodha ya kampuni ilizozikataa: Apple, Google, Facebook na nyingine. Kisa cha Google ndicho kitamu. Waasisi wake walikuwa wamepanga gereji kwa rafiki wa mkubwa mmoja wa Bessemer. Rafiki akataka kuwakutanisha. Yule bwana akauliza apitie wapi atoke nyumba ile bila kuisogelea gereji. Wanajicheka wenyewe hadharani, na hilo ndilo ninalowahusudu kuliko mabilioni yao. Nani kati yetu ameandika mahali hisa aliyoikataa, na kwa nini?

Dhana: Ni watu wa kuingia mzima mzima

Hii ndiyo inayouza viwanja vya watu. Novemba 2022, soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipoanguka, Sequoia Capital, kampuni nyingine ya wawekezaji hawa, iliwaandikia wenye fedha zake kwamba zaidi ya dola milioni 210 ilizoweka humo sasa zihesabiwe sifuri. Fedheha kubwa. Lakini barua ile ile ilieleza kwamba katika mfuko uliobeba sehemu kubwa ya hasara hiyo, FTX haikufika asilimia 3 ya fedha ambazo wenye fedha waliahidi kuutia mfuko huo. Walichekwa wiki mbili, wakaendelea na kazi. Sasa mpe hisa zile zile mtu aliyeuza kiwanja akazinunua zote.

Tufanye hesabu ya kwetu. Chukua shilingi milioni 1, igawe kwa kampuni 10, laki moja kila moja. Tano zinakufa. Nne zinarudisha laki yako kavukavu. Moja inazaa mara 20, milioni 2. Jumla una milioni 2 na laki 4. Mate yanakutoka? Ikiwa imechukua miaka 10, hiyo ni kama asilimia 9 kwa mwaka. Hatifungani ya Serikali ya Tanzania ya miaka 25, kabla Benki Kuu haijashusha viwango mwaka 2022, ililipa asilimia 15.95. Ya wazee, eti! Na ukikosa ile kampuni moja tu, umebaki na laki nne.

Kuna jambo jingine lisilosemwa kikundini. Hela nyingi wanazotia si zao. Ni za mifuko ya pensheni, za vyuo vikuu, za matajiri. Wao kwa desturi hukata kama asilimia 2 kila mwaka kwa ajili ya kuendesha mfuko, kampuni zife zisife, na faida ikija wanachukua kama asilimia 20 yake. Huo ni ujasiri wenye mshahara. Wewe ukithubutu hulipwi na mtu.

Kwa hiyo cha kuiga hapa ni kipimo: kupanga mapema ni kiasi gani kitaingia kwenye kampuni moja, na kiwe kiasi ambacho kikipotea watoto wataendelea kwenda shule.

Dhana: Wanaamua kwa hisia, baada ya maelezo ya dakika kumi

Wapo, na huumia. Wanaoijua kazi hupekua hesabu, huwapigia simu wateja na waliowahi kufanya kazi pale, mwanasheria husoma mikataba. Theranos ya Marekani, iliyodai kupima magonjwa kwa matone machache ya damu, ilikusanya hela nyingi kutoka kwa familia tajiri. Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, peke yake aliweka kama dola milioni 125. Mifuko iliyobobea kwenye afya kwa sehemu kubwa ilikaa kando. Mwasisi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani kwa ulaghai Januari 2022. Sisi waraka wa matarajio, unaoeleza hesabu na hatari za kampuni, hutolewa bure kila kampuni inapouza hisa kwa umma. Tunasoma ujumbe wa WhatsApp.

Dhana: Wana subira kuliko sisi

Subira yao ina kufuli. Mfuko kwa kawaida ni wa miaka 10 hivi, na aliyetia hela hawezi kuja Jumatatu akadai atolewe. Hisa za Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, watu walikopa ili wanunue. Mwanzoni mwa 2009 bei ilikuwa chini ya 3. Mwaka 2021 ilipita 40, kisha 2023 ikashuka tena chini ya 15. Aliyeuza 2009 kwa hasara huenda hakupungukiwa subira hata kidogo. Alikuwa na rejesho la kila mwezi.

Dhana: Kampuni ikifika sokoni, tunapanda nao jahazi moja

Mara nyingi sisi tunapanda, wao wanashuka. Jumia, duka la mtandaoni la Afrika, iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, wiki chache baadaye ilikuwa imepita 40. Novemba ikafunga kazi Tanzania. Machi 2020 hisa ilikuwa chini ya dola 3. Rocket Internet ya Ujerumani, iliyokuwamo tangu mwanzo, ilikuwa imeuza hisa zake zote ilipofika Aprili.

Mwaka huu kikundi kimekubali kutenga sehemu moja ya kumi ya akiba, igawanywe kwenye hisa tano za soko la Dar es Salaam, na iliyobaki ikae kwenye mambo ya wazee. Tumenunua na daftari lenye safu mbili: tulizonunua, na tulizokataa pamoja na sababu. Anayelitunza ni yule yule ndugu yetu wa kila Desemba. Safu ya pili tayari ina majina manne, na moja lina alama ya kuuliza aliyoichora kwa kalamu nyekundu.