Programu za serikali za kuwarudisha watu kazini: ni nini hasa?

Hizi ni hatua ambazo serikali huchukua ili aliyepoteza ajira, au aliyekaa muda mrefu bila ajira, apate kazi tena. Zisichanganywe na posho ya ukosefu wa ajira. Posho humwezesha mtu kula na kulipa kodi ya nyumba. Programu humsogeza karibu na kazi yenyewe. Hata hivyo, nchi nyingi huviunganisha viwili hivi: anayepokea posho hutakiwa kuonyesha maombi aliyotuma au kuhudhuria mafunzo, la sivyo malipo husimamishwa.

Chombo kikongwe ni ofisi ya ajira, inayomkutanisha mtafuta kazi na mwajiri. Uingereza ilifungua za kwanza za serikali mwaka 1910, na Mkataba Na. 88 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unazitaka nchi zilizouridhia ziwe na huduma hiyo bila malipo. Kuna pia kazi za umma. Marekani, kati ya 1935 na 1943, iliajiri zaidi ya watu milioni nane kujenga barabara, madaraja na shule. Nchini India, sheria ya mwaka 2005 ilizihakikishia kaya za vijijini siku 100 za kazi kwa mwaka.

Njia nyingine ni ruzuku ya mshahara: serikali hulipa sehemu ya mshahara wa mtu mpya kwa miezi kadhaa. Hapa pana mtego. Huenda mwajiri angemwajiri mtu huyo hata bila ruzuku, au akamwachisha mfanyakazi wa zamani ili apate wa ruzuku. Kwa hiyo, kuhesabu waliopata kazi hakutoshi. Tunapaswa kuuliza ni wangapi wasingeipata bila programu, na ndiyo maana watafiti hulinganisha washiriki na watu wa hali ileile ambao hawakushiriki.

Mafunzo ya ufundi ndiyo huhukumiwa mapema mno. Mtu akiwa darasani hatafuti kazi kwa bidii, hivyo miezi ya mwanzo takwimu huonekana mbaya. Uchambuzi wa wanauchumi Card, Kluve na Weber, uliochapishwa mwaka 2018 na kujumuisha tafiti zaidi ya 200, ulionyesha kwamba kwa wastani matokeo ya programu hizi katika ajira huwa karibu na sifuri mwanzoni, kisha huongezeka baada ya miaka miwili au mitatu. Kazi za umma zilionekana kusaidia kidogo sana katika ajira ya baadaye, ingawa huingiza kipato wakati wa shida.

Linalonisikitisha ni jinsi washauri wa ajira wanavyopimwa. Mshauri akidaiwa idadi ya watu aliowapatia kazi, huwahudumia kwanza wale ambao wangejipatia wenyewe. Aliyekaa miaka bila kazi, mwenye ulemavu au mzazi anayelea peke yake husukumwa nyuma ya foleni, ilhali ndiye anayehitaji zaidi mshauri mwenye muda wa kumsikiliza.